Unaishi mpakani? Jua pa kuulizia usalama wa maji yako

Mama yule alifika kituo cha afya saa tano asubuhi kwa bodaboda, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga. Mtoto wa kiume, miaka miwili na miezi michache. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na ukiibana ngozi ya tumbo lake inabaki imesimama kwa muda kabla ya kurudi. Alikuwa ameharisha siku tatu mfululizo.

Ilikuwa katika safari yangu ya kikazi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Sitataja kijiji, na mambo machache nimeyabadilisha ili mama huyo asitambulike. Tulimwekea mtoto dripu, tukamfuatilia kwa saa kadhaa, na jioni akaanza kulia kwa machozi. Mtoto aliyepungukiwa maji mwilini akilia na machozi yakatoka, daktari hupumua.

Nikapata nafasi ya kuzungumza na mama.

"Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Zamani tulichota kwenye kijito kinachoshuka mtoni. Sasa tunachota bondeni, kwenye dimbwi."

"Kwa nini mliacha kijito?"

"Waitu daktari, kina sumu. Wanaosafisha madini wanatia zebaki. Na mto wenyewe unakuja na sumu kutoka ng'ambo."

"Nani kasema?"

"Watu wanasema."

"Na hayo ya bondeni mnayachemsha?"

"Ya nini kuchemsha? Yale hayana sumu."

Maji ya kijito walikuwa wakiyachemsha. Waliposikia kuna sumu walihamia bondeni, wakaacha na kuchemsha. Uvumi uliokusudiwa kuwalinda ndio uliomlaza mtoto kitandani.

Kisha mama akaniuliza: "Kwani wewe daktari unajua? Kijito kina sumu au hakina?"

Nilinyamaza. Nilikuwa sijui. Nina shahada ya udaktari na miaka mingi ya kutibu watu, lakini sikuwa na jibu, na mbaya zaidi, sikujua hata ofisi ya kwenda kuuliza. Makala ya leo ni kwa ajili ya mama huyo na kwa kila msomaji anayeishi mpakani, hasa Karagwe na Kyerwa: taarifa kuhusu maji, udongo na magonjwa ya eneo lako ziko wapi, unaziombaje, na unazisomaje ukizipata.

Mto mmoja, nchi nne

Mto Kagera unakusanya maji ya Burundi na Rwanda kupitia mito ya Ruvubu na Nyabarongo. Ukishapita maporomoko ya Rusumo unaelekea kaskazini, ukiwa ndio mpaka wa Tanzania na Rwanda, na unapita kando ya Karagwe na Kyerwa. Ukifika kona ambapo nchi tatu zinakutana unageuka kwenda mashariki, ukawa mpaka wetu na Uganda, ukipita Murongo, kabla ya kuingia Missenyi na hatimaye kumwaga maji yake Ziwa Victoria upande wa Uganda. Bonde lake lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 60,000, na hakuna mto unaoingiza maji mengi zaidi katika ziwa hilo.

Maana yake kiafya ni nyepesi kueleweka. Linalofanyika juu ya mto linafika chini ya mto. Gugumaji lililosumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 liliendelea kuletwa na maji ya Kagera kutoka juu. Mwaka 1994, nilipokuwa binti wa shule, miili ya waliouawa Rwanda ilielea mtoni hadi ziwani. Nyumbani kwetu samaki waliondoka mezani kwa miezi. Nakumbuka kwamba hakuna aliyekuja kutueleza kama kula samaki kulikuwa na hatari gani, wala lini ingekuwa salama tena. Kila kaya iliamua yenyewe kwa kusikiliza jirani.

Si maji peke yake yanayovuka. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa mkoani Kagera. Kwa watu ambao ndizi ndiyo chakula chao, ile ilikuwa miaka mitano ya kujiandaa. Wakulima wangapi waliambiwa?

Uvumi wa zebaki na ukweli wa bati

Turudi kwenye kijito cha yule mama. Kyerwa kuna madini ya bati, na yamechimbwa tangu enzi za ukoloni. Watu wengi wamesikia habari za wachimbaji wa dhahabu wanaotumia zebaki kunasa dhahabu, wakadhani kila mchimbaji anafanya hivyo. Mawe ya bati ni mazito. Mchimbaji mdogo huyatenganisha na mchanga kwa kuyaosha kwa maji mengi, mchanga mwepesi unaondoka, bati linabaki chini. Kazi hiyo haihitaji zebaki.

Je, basi hakuna tatizo? Lipo, ila lina sura nyingine.

Kwanza, tope. Maji ya kuoshea madini yakirudi kijitoni yanakuwa mazito kama uji. Katika maji ya tope, vijidudu hujificha ndani ya chembe za udongo na dawa ya klorini haivifikii vizuri. Kidonge kile kile kinachosafisha ndoo ya maji maangavu kinashindwa kwenye ndoo ya tope.

Pili, mashimo yaliyoachwa hukusanya maji ya mvua, na mbu wanaoeneza malaria huzaliana humo.

Tatu, vumbi la mwamba. Mchimbaji anayelivuta kwa miaka hupata makovu ya mapafu, na mapafu yenye makovu hayo hushambuliwa kirahisi na kifua kikuu.

Nne, duniani kote miamba yenye bati mara nyingine huambatana na mawe yenye arseniki. Hii ni sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Anayeinywa kidogo kidogo kwa miaka huota madoa mwilini, ngozi ya viganja na nyayo hukakamaa, na hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu huongezeka. Sisemi kwamba maji ya Kyerwa yana arseniki. Nasema hiki ndicho kipimo ambacho mkazi wa eneo la bati ana sababu ya kukiulizia, kuliko kubaki na hofu ya zebaki.

Umeona tofauti? Hofu ya jumla inakufanya uhame chanzo cha maji. Swali mahususi linakupeleka maabara.

Somo la Marburg

Mkoa wa Kagera umeshajifunza kwa uchungu thamani ya taarifa sahihi. Tarehe 21 Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa kwanza wa ugonjwa wa Marburg nchini, Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki. Septemba 2024 Rwanda ikatangaza mlipuko wake: watu 66 waliugua na 15 wakafariki. Wataalamu walimfuatilia mgonjwa wa mwanzo wakafika kwenye mgodi wenye popo walao matunda. Popo hao hukaa mapangoni na kwenye mashimo ya migodi, na wanaweza kubeba virusi vya Marburg bila wao kuugua.

Msomaji wa Kyerwa anayeingia kwenye shimo la bati lililoachwa miaka kumi anahitaji kuijua habari hiyo leo leo, hata kama ilitokea nchi nyingine. Mwamba wa upande ule ni jirani wa mwamba wa upande huu, na popo hana pasipoti.

Kisha ikaja Biharamulo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera. Wizara ikaeleza kuwa sampuli zilizopimwa hadi siku hizo hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa WHO jijini Dodoma, akathibitisha kuwa mgonjwa mmoja amekutwa na virusi. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, waliothibitishwa walikuwa 2 na waliohesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa walikuwa 8. Wote 10 walifariki.

Watu wengi waliniuliza siku zile: tumwamini nani? Jibu langu lilikuwa kwamba taarifa ya afya ina tarehe, ina sampuli zilizopimwa na zisizopimwa, na inaweza kubadilika sampuli mpya zikifika. Ukiiona taarifa, tafuta kwanza ni ya lini na ni nani aliyepima. Ujumbe wa simu uliosambazwa mara mia bila tarehe wala jina la ofisi ni uvumi, hata kama kwa bahati ni kweli.

Taarifa ziko wapi?

Baada ya kukutana na yule mama, nilitumia wiki tatu kutafuta. Nilizungushwa: ofisi moja ikanielekeza ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza. Mwishowe nikaonyeshwa faili. Ndani yake kulikuwa na vipimo vya maji ya kijito kile, vimefanyika, vimelipiwa, vimegongwa mhuri, na havijawahi kubandikwa popote. Ili wewe usizunguke kama mimi, fuata njia hii kuanzia karibu kwenda mbali.

Kijijini. Anza na mtendaji wa kijiji na chombo cha watumia maji kinachosimamia mradi wenu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuuliza mbele ya watu: maji yetu yamepimwa lini mara ya mwisho? Swali liandikwe kwenye muhtasari.

Wilayani. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, ana ofisi wilayani na anahusika na visima na miradi ya bomba. Kwenye halmashauri, bwana afya anafahamu hali ya vyoo, vyanzo vya maji na magonjwa ya kuhara. Ofisa mazingira anafahamu shughuli zinazochafua. Mganga mkuu wa wilaya hupokea takwimu za magonjwa kutoka vituo vyote, na anaweza kukuambia kama kuhara kumeongezeka katani kwenu.

Mkoani na kanda. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Bukoba. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Mwanza, ndiyo inayosimamia mito na vibali vya kutumia maji, Kagera ikiwemo. Mkemia Mkuu wa Serikali naye ana ofisi ya kanda Mwanza kwa masuala ya kemikali na sumu. Taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ambayo wengi wanaijua kwa jina la NEMC, inatunza ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira za miradi mikubwa, migodi ikiwemo. Ripoti hiyo hueleza mradi utatumia maji kiasi gani, utamwaga wapi majitaka, na mwenye mradi ameahidi kufanya nini. Ahadi hiyo ni mali yenu kama ilivyo yake.

Kwa ugonjwa wa ghafla usioeleweka, piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo. Usisubiri barua.

Haki yako, na barua ya kuandika

Wasomaji wengi hudhani kuomba taarifa serikalini ni kuomba hisani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 172, inampa mtu uhuru wa kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, zikiwemo za vitu vinavyomwagwa kwenye maji, hewa na udongo. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi kumjibu raia ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kuomba kwa mdomo, na ofisa ndiye ataandika. Ukinyimwa bila sababu unaweza kuomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, na baadaye kukata rufaa kwa waziri. Unaweza kutozwa gharama ya nakala.

Kosa tunalofanya ni kuuliza swali pana: "Maji yetu ni salama?" Ofisa atajibu "ni salama", na mazungumzo yameishia hapo. Uliza hivi:

"Mimi ni mkazi wa kitongoji cha … kijiji cha … Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya matokeo ya vipimo vya ubora wa maji ya kisima (au kijito) cha … vilivyofanyika katika miaka mitatu iliyopita. Naomba yaonyeshe tarehe ya kuchukua sampuli, maabara iliyopima, vijidudu vya kinyesi, tope, arseniki na risasi. Kama kipimo chochote kati ya hivi hakijawahi kufanyika, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi."

Peleka nakala mbili. Moja waachie, nyingine wakugongee mhuri wa kupokea, na uitunze. Barua ya watu kumi, au ya kamati ya maji, ina uzito kuliko ya mtu mmoja. Nenda kwa heshima. Ofisa huyo huenda naye anakunywa maji hayo hayo.

Na ng'ambo ya mto?

Hapa ndipo mkazi wa mpakani anapokwama. Huwezi kumwita mtendaji wa Rwanda kwenye mkutano wa kijiji chako. Lakini njia zipo.

Nchi zetu zilianza kukaa pamoja zamani: Burundi, Rwanda na Tanzania ziliunda shirika la bonde la Kagera mwaka 1977, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Shirika hilo halipo tena. Leo kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Mpango wa Bonde la Mto Naili ulioanzishwa mwaka 1999, wenye makao Entebbe. Itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la Ziwa Victoria, iliyosainiwa na Kenya, Uganda na Tanzania Novemba 2003, inazitaka nchi kupeana taarifa kuhusu hali ya bonde na kuhusu miradi inayoweza kumdhuru jirani. Rwanda na Burundi ziliingia kwenye Jumuiya mwaka 2007. Kwa magonjwa, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi kuijulisha WHO ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuvuka mipaka, na tukio la kemikali pia linahusika.

Kwa hiyo barua yako ya swali la ng'ambo iandikie Bodi ya Maji ya Bonde, Mwanza. Wao wana mlango wa kuulizia kwa wenzao, wewe huna. Mwenye simu ya intaneti anaweza pia kusoma mwenyewe machapisho ya mamlaka za mazingira za jirani, REMA ya Rwanda na NEMA ya Uganda. Sheria ya Uganda ya mwaka 2005 inatoa haki ya kuomba taarifa kwa raia wake, kwa hiyo ukiwa na shemeji au ndugu Kikagati, ng'ambo ya Murongo, anaweza kuomba yeye. Na mtu wa Karagwe anayezungumza Runyambo hahitaji mkalimani kuisikiliza redio ya Runyankore. Akisikia tangazo la mlipuko Jumamosi, alipeleke zahanati Jumatatu likathibitishwe, kabla ya kulipeleka sokoni. Redio za jamii za kwetu nazo, kama FADECO ya Karagwe, ni mahali pazuri pa kumwita mtaalamu ajibu maswali ya wananchi hewani.

Ukipata majibu, soma hivi

Karatasi ya maabara isikutishe. Angalia mambo manne.

Tarehe. Maji ya Agosti, kiangazi, si maji ya Aprili wakati wa masika. Mvua huosha vinyesi kutoka mashambani na machungani hadi kwenye chanzo.

Mahali. Sampuli ilichukuliwa kwenye kisima, bombani au kwenye ndoo ya nyumbani? Maji safi bombani huweza kuchafukia ndani ya dumu.

Kiwango. Kando ya kila namba pawepo kiwango kinachoruhusiwa. Vijidudu vya kinyesi: sifuri katika mililita 100. Arseniki: WHO inashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita.

Kilichopimwa. Hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Katika faili nililoonyeshwa, ukurasa wa kijito cha yule mama ulikuwa na tope, chuma na vijidudu vya kinyesi, na vijidudu vilikuwepo kwa wingi. Arseniki na risasi hazikuwemo. Mtu angeweza kusema "vipimo havikuonyesha sumu", na asingekuwa amesema uongo. Havikuonyesha kwa sababu hakuna aliyeitafuta.

Tukaandika barua, mimi, mwenyekiti wa kijiji na nesi mkuu wa zahanati. Sampuli mpya zikachukuliwa, kijitoni na bondeni. Nakuomba usiende na chupa ya soda uliyoiosha: sampuli ya vijidudu huhitaji chupa iliyotakaswa, ihifadhiwe kwenye ubaridi na ifike maabara haraka, isizidi saa 24. Mwachie mtaalamu.

Majibu yalikuja. Arseniki na risasi zilikuwa chini ya kiwango. Vijidudu vya kinyesi vilikuwepo kijitoni, na bondeni vilikuwa vingi zaidi, kwa sababu ng'ombe hunywa humo. Haya ni majibu ya kijito kimoja, siku moja. Hayakutoa cheti kwa wilaya nzima, na ndiyo maana tuliomba kipimo kirudiwe wakati wa masika.

Wakati unasubiri jibu

Siku 30 ni nyingi kwa mtoto anayekunywa maji kila siku. Fanya haya kuanzia leo.

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, kisha yapoe ndani ya chombo chenye mfuniko. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi arseniki, risasi wala zebaki, kwa hiyo ukishuku sumu usijifariji kwa moto. Tafuta chanzo kingine kilichopimwa. Na ukihamia chanzo kingine, endelea kuchemsha.

Maji ya tope yaache yatulie, yamimine taratibu, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie klorini au uchemshe.

Vuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabati. Kagera tumejaliwa misimu miwili ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, usiikinge.

Usiingie kwenye mapango na mashimo ya migodi yenye popo, na usiwaruhusu watoto kuchezea humo. Mchimbaji mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi afike kituoni kupimwa kifua kikuu.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo mara kwa mara, endelea kumnyonyesha, na umpe vidonge vya zinki kama utakavyoelekezwa kituoni. Mkimbize kituoni akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakizama au kinyesi kikiwa na damu.

Na ukiona samaki wengi wamekufa kwa pamoja, maji yamebadilika rangi ghafla, au ng'ombe wanaanguka baada ya kunywa, acha kutumia maji hayo, mjulishe mtendaji na bwana afya siku hiyo hiyo, na andika saa na mahali. Maelezo ya saa na mahali humsaidia mkemia kuliko maneno mia ya lawama.

Karatasi ya majibu ya kijito kile tuliibandika kwenye mlango wa zahanati, ikiwa na maneno ya Kiswahili chepesi chini yake: "Hakuna arseniki wala risasi iliyozidi kiwango. Kuna vijidudu vya kinyesi. Chemsha." Nesi aliniambia kwamba yule mama alikuja kumpima mtoto uzito, akasimama mlangoni akaisoma mpaka mwisho, kisha akauliza lini watapima tena.

Hilo ndilo swali ninalokuachia nawe, msomaji. Chanzo cha maji unachokitumia kimepimwa lini, na kimepimwa nini? Kama hujui, barua ya kuanzia iko hapo juu. Inakili.

Tukutane wiki ijayo.